Kalamu Njema Haitozwi Kiingilio

Miongoni mwa kazi ambazo mtu aweza kuzifanya nyumbani kwake, baada ya saa za ofisi na baada ya watoto kulala, kazi ya uandishi yatajwa sana siku hizi. Hapa Gisenyi, mji ulio makao ya Wilaya ya Rubavu, haupiti mwezi bila ya kijana aliyemaliza masomo, au mama mwenye kujua lugha mbili tatu, kunisimamisha njiani na kuniuliza: “Mwalimu, ni kweli kwamba mtu aweza kuandika kwa simu yake akalipwa fedha kutoka nchi za mbali?” Huitwa mwalimu kwa sababu ya cheti nilichokipata chuoni, ingawa kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ni ya ofisi ya serikali. Jibu langu huwa ni hili: ni kweli, lakini si kwa namna unavyoambiwa na wale wanaotaka fedha yako.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili ambayo watu hupenda kuyatenganisha, nayo kwa maoni yangu ni jambo moja. La kwanza ni mahali mwandishi apatapo la kuandika. La pili ni namna ya kulinda fedha yake na jina lake anapoyauza maandishi hayo katika mtandao wa intaneti. Ajuaye thamani ya alicho nacho hatapeliwi kwa urahisi. Anayedhani hana kitu ndiye anayekubali kulipa ili apewe kazi.

Milango imefunguka

Kiswahili kilifanywa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwezi wa Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi. Habari hizi si za kushangiliwa katika sherehe tu. Kila lugha inapopewa kazi mpya huhitaji watu wa kuifanya kazi hiyo: wa kufasiri matangazo na mikataba, wa kuhariri vitabu vya shule, wa kutunga michezo ya redio na hadithi za watoto, wa kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa, na wa kuandika tafsiri chini ya picha za filamu.

Mtu wa Gisenyi ambaye huagiza maziwa kwa Kinyarwanda, hupatana bei kwa Kiswahili, na huweza kusoma barua ya babu yake kwa Kifaransa, ana mtaji ambao mtu wa miji mingine hulipia karo miaka mingi ili aupate. Kosa letu ni kwamba tumeuzoea mtaji huo hata hatuuoni.

Soko la kazi hizi kwa sehemu kubwa limehamia mtandaoni. Huko mwenye kazi hubandika tangazo lake, na mwenye kalamu huomba. Mfano mmoja ujulikanao ni soko la Upwork, lililopata jina hilo mwaka 2015 baada ya kuungana kwa masoko mawili ya zamani, Elance na oDesk. Kwa jirani zetu wa Kenya, serikali yenyewe ilianzisha mwaka 2016 mpango uitwao Ajira Digital wa kuwafundisha vijana kazi za namna hii. Kwa hiyo kazi ipo, na si ndoto. Lakini palipo soko pana pia wachuuzi wa mizani mibovu, nami nitawaeleza baada ya kueleza bidhaa yetu yenyewe.

Ilhamu iko mlangoni

Malalamiko ninayoyasikia kwanza ni haya: “Sina la kuandika. Mji wetu ni mdogo.” Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, nasi upwa tunao. Mtu na ateremke ufukweni jua linapokuchwa, aione mitumbwi ya Ziwa Kivu ikitoka, mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavuvi wakipiga makasia kwa wimbo, na taa zikiwa tayari kuwavuta sambaza usiku. Wengi hudhani samaki hao walikuwamo ziwani tangu enzi za kale. Sivyo. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, wakawa kitoweo cha nyumba zetu. Samaki mgeni aliyegeuka mwenyeji, katika mji ambao watu wake wengi wana ndugu upande wa pili wa mpaka: hayo pekee yatosha kuwa makala.

Au na asimame asubuhi kwenye njia iendayo Petite Barrière, atazame wanawake wanaovuka kuelekea Goma na beseni za nyanya, karoti na vitunguu kichwani. Asitazame tu, aulize. Mipaka ilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, ni nani aliyebadili biashara yake, na alianza na mtaji gani? Mtoto alinyonyeshwa saa ngapi na mama avukaye mpaka mara tatu kwa siku? Maswali haya hayahitaji chuo kikuu. Yanahitaji adabu, subira, na sikio.

Hata misiba yetu ina mafunzo, ikiandikwa kwa heshima. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na katika mvua ile watu zaidi ya 130 walipoteza maisha nchini, wengi wao katika Mkoa wetu wa Magharibi. Mwandishi asiye makini atasema “maafa makubwa” kisha atanyamaza, kwa kuwa maneno hayo hayamwachii la kuongeza. Mwandishi makini ataandika alama ya tope ilifika kimo gani ukutani, na mama wa nyumba aliokoa nini kwanza baada ya watoto. Wala hatataja jina la mfiwa bila ya ruhusa yake, kwa maana huzuni ya mtu si shamba la kuingia kila mpita njia.

Nitataja watu wawili wa kutupa moyo. Marehemu Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake vingali vinasomwa kila mahali Kiswahili kinaposomwa, alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi katika Tanganyika ya wakoloni. Hakungoja apewe likizo ya kuandika; aliandika akiwa mtumishi kama sisi. Wa pili aliishi karibu nasi zaidi. Bi Rosamond Carr, Mmarekani aliyekuja Afrika mwaka 1949, alilima maua huko Mugongo, na mwaka 1994 alianzisha makao ya watoto yatima yaitwayo Imbabazi. Kitabu chake cha kumbukumbu za maisha yake hapa Rwanda kilitolewa mwaka 1999, alipokuwa na umri wa miaka zaidi ya 80. Alifariki mwaka 2006. Alichokiandika si mambo ya mbali. Ni mambo ya shamba lake, majirani zake na milima aliyoiona kila asubuhi.

Basi nashauri hivi. Nunua daftari moja la shule, uliweke jikoni au karibu na kitanda. Kila usiku andika mistari mitatu tu: jambo moja uliloliona, maneno uliyoyasikia kama yalivyosemwa, na bei ya kitu kimoja. Usiidharau bei. Bei ya karoti pande mbili za mpaka, ikiandikwa kwa mwezi mzima, hueleza habari ambazo hotuba haziwezi kuzieleza. Kwa mwezi utakuwa na mistari 90. Katika hiyo mistari, mingi haitakuwa na maana, lakini michache itakuita uiendeleze. Huko kuitwa ndiko watu wanakokuita ilhamu.

Jambo hili lina uzito zaidi tangu mwezi wa Novemba 2022, ilipotolewa ChatGPT, programu iwezayo kuandika maneno kama mtu. Makala za jumla, kama vile faida kumi za kunywa maji, mashine huziandika kwa dakika moja, na wanunuzi wengi hawaoni tena sababu ya kumlipa mtu. Lakini mashine haijasimama Mbugangari asubuhi ya mvua ikamwuliza mama kwa nini leo anarudi na beseni lake likiwa limejaa. Ulichokiona mwenyewe na kukihakikisha, hicho ndicho bidhaa yako.

Habari niliyoificha

Sasa nieleze jambo ambalo nilikaa nalo kimya kwa muda mrefu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na kwa siku kadhaa baadaye ardhi ilitetemeka hapa kwetu na kupasua nyumba nyingi. Katika nyumba yangu ukuta wa chumba cha watoto ulipata ufa ambao mkono wa mtoto uliweza kuingia. Mimi na mume wangu tuliafikiana kwamba zamu yangu ya ikimina, kile kikundi chetu cha akiba, itakapofika, fedha yote itanunua saruji.

Katika siku hizo niliandikiwa katika simu na mtu nisiyemjua. Alisema amepata jina langu katika orodha ya walimu wajuao Kiswahili, na kwamba shirika lake linatafuta watu wa kunukuu mazungumzo ya mikutano, kwa dola 500 kila mwezi. Barua yake ilikuwa na muhuri na lugha safi. Kilichotakiwa kwangu ni faranga 40,000 za usajili na mafunzo. Nililipa kwa simu usiku uleule, kutoka katika fedha ya ikimina.

Baada ya siku mbili nilitakiwa kulipa faranga 65,000 nyingine za kufungulia akaunti ya mshahara. Nilikuwa nimeketi nikihesabu ni nani aniwezaye kunikopesha, mume wangu alipoingia na kuniuliza saruji italetwa siku gani. Nikamjibu kwamba fundi amesafiri. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika jambo hili, nao uliniuma kuliko fedha. Sikulipa hizo 65,000, lakini si kwa werevu. Ni kwa kuwa sikumpata wa kunikopesha.

Ili kuziba pengo lile kabla halijaonekana, nilikubali kazi nyingine. Mtu wa mji mwingine alikuwa akigawa insha za kuandikwa kwa niaba ya wanafunzi wa vyuo vya ng’ambo. Nilipewa moja, kwa dola 12. Somo lake lilikuwa uuguzi: namna ya kukadiria kipimo cha dawa ya mtoto kwa uzito wake. Niliisoma, nikaiandika kwa siku tatu, nikalipwa siku hiyohiyo. Ilikuwa fedha ya kwanza niliyoipata kwa kalamu. Usiku ule sikulala vizuri. Nilifundishwa chuoni kwamba mtahiniwa anayeandikiwa na mwenziwe hutolewa nje ya chumba cha mtihani, nami sasa nilikuwa mwenziwe huyo. Tena kulikuwa na mtoto mahali fulani, kitandani, ambaye siku moja angepewa dawa na mtu ambaye kipimo chake nilikiandika mimi.

Biashara hiyo si ndogo. Kenya imejulikana duniani kwa wingi wa vijana wenye elimu wanaoifanya, na mwaka 2024 ilitolewa filamu juu yao iitwayo The Shadow Scholars. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2022 ilifanya kuwa kosa kuwauzia wanafunzi wa vyuo vya England kazi hizo au kuzitangaza. Siwadharau vijana wale. Mtu anayeweza kuandika leo juu ya uuguzi na kesho juu ya sheria, bila ya kuzisomea, ana akili ya kuonewa fahari. Ninachosikitikia ni kwamba uwezo wote huo hauna jina. Hawezi kumwonyesha mwajiri kazi yake hata moja. Mimi mwenyewe, kazi pekee niliyolipwa mwaka ule siwezi kumwonyesha mtu.

Hatimaye nilimweleza mume wangu, na wiki iliyofuata nikawaeleza wenzangu wa ikimina. Nilitarajia kuchekwa. Badala yake wawili walitoa simu zao: walikuwa wameletewa barua ileile yenye muhuri uleule, na mmoja wao alikuwa amelipa. Naye alikuwa amenyamaza kama mimi. Hapo nikafahamu kwamba tapeli haishi kwa ujanja wake tu. Huishi pia kwa aibu yetu. Lau nilisema mapema, mama yule angalizihifadhi fedha zake.

Kanuni za kujilinda

Kutokana na mafunzo hayo ya gharama, na kwa kuuliza wenye ujuzi, nimejiwekea kanuni ambazo nazitoa kwa msomaji azipime.

Kwanza, usilipe ili uajiriwe. Yako masoko yanayotoza ada ndogo ya kutuma maombi, nayo huitangaza wazi kwa kila mtu. Na mengi hukata sehemu ya malipo baada ya kazi kulipwa. Hiyo ni desturi ya soko, na mwenye kuingia huijua tangu mlangoni. Lakini mtu binafsi anayekuandikia katika simu, akutake fedha ya usajili, ya mafunzo, ya fomu au ya kufungulia mshahara, huyo hana kazi. Wewe ndiwe kazi yake.

Pili, jua fedha iko wapi kabla hujaanza kuandika. Katika masoko mazuri mwenye kazi huweka malipo amana kwa soko lenyewe, nalo huyatoa kazi ikipokewa. Ukifanya kazi na mtu moja kwa moja, omba sehemu ya malipo mwanzoni, na kazi ndefu uigawe mafungu: fungu moja likilipwa, la pili laanza. Wala usikubali kuvutwa nje ya soko kabla ya mkataba wa kwanza kwa ahadi ya kwamba huko nje mtalipana zaidi. Ukishatoka nje, amana haipo tena.

Tatu, usitoe kazi nzima kuwa jaribio. Wako wanaowaomba waandishi ishirini, kila mmoja sura moja ya majaribio bila malipo, kisha hupata kitabu kizima bure. Mtu akitaka kuupima uwezo wako, mpe makala uliyokwisha kuiandika. Ndiyo maana daftari lile na makala mbili tatu zilizokamilika ni vitu vya kuwa navyo kabla ya kuomba kazi, si baada yake.

Nne, usikodishe akaunti ya mtu, wala usimkodishe yako. Biashara hiyo imeenea katika Afrika ya Mashariki: mtu huuziwa akaunti iliyokwisha pata sifa njema, akafanya kazi kwa jina la mwingine. Soko likigundua huifunga, na malipo yaliyomo hupotea. Anayekodisha naye amemkabidhi mgeni jina lake na nambari ya kitambulisho chake. Rwanda ina sheria ya mwaka 2021 inayolinda habari za siri za mtu binafsi, lakini sheria haiwezi kukurudishia habari ulizozigawa kwa hiari yako. Picha ya kitambulisho, neno la siri, na nambari ya siri ya fedha za simu havitumwi kwa mtu anayejiita mwajiri katika ujumbe wa simu. Akaunti zako za barua na kazi uziwekee uthibitisho wa hatua mbili, ili mwizi wa neno la siri peke yake asiweze kuingia.

Tano, jihadhari na fedha inayozidi. Mtu akisema amekutumia malipo makubwa kuliko mliyopatana, na akuombe umrudishie ziada upesi, usirudishe chochote. Mara nyingi fedha ile haikuwahi kufika, au ni ya wizi itakayodaiwa kesho. Tazama salio lako mwenyewe. Ujumbe wa simu si fedha.

Sita, soma mahali panapohusu haki ya mwandishi. Rwanda ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1984, na kwa mkataba huo haki ya mtunzi huanza mara tu anapotunga, bila ya kulazimika kuisajili kwanza. Haki hiyo yaweza kuuzwa. Si vibaya kuiuza. Vibaya ni kuiuza bila kujua. Kabla ya kukubali, uliza maswali matatu: jina langu litatokea? Naweza kuitumia kazi hii mahali pengine? Nitalipwa mara moja, au kila itakapochapishwa?

Saba, ukitapeliwa, usikae kimya. Hifadhi jumbe zote, nambari za simu, tarehe na stakabadhi za malipo. Iarifu kampuni ya simu mara moja, kwani fedha ikiwa bado haijatolewa huenda ikazuiliwa. Kisha toa taarifa kwa Idara ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, ambayo nambari yake ya bure ni 166. Makosa ya namna hii yana sheria yake tangu mwaka 2018. Na waambie jirani zako.

Hesabu ya nyumbani

Uandishi ni kazi, na kila kazi huhesabiwa. Tuseme umepewa makala moja kwa faranga 6,000. Umetumia saa moja kuuliza watu, saa tatu kuandika, na saa moja kusahihisha, na umetumia faranga 500 za intaneti. Umebakiwa na faranga 5,500 kwa saa tano, yaani faranga 1,100 kwa saa. Sasa waweza kuilinganisha kazi hiyo na nyingine, badala ya kuyumbishwa na neno “dola”. Ukiona kwamba saa yako yazidi kuwa rahisi kila mwezi, ongeza bei au badili kazi. Weka pia fungu la akiba, kwa sababu wiki moja huleta kazi tatu na mwezi mzima unaofuata usilete hata moja. Mtu asiache ajira yake kwa sababu ya malipo mawili ya kwanza.

Kwa sisi watumishi wa serikali kuna la ziada. Kompyuta ya ofisi, saa za ofisi na siri za ofisi si mtaji wa mtu binafsi. Kabla ya kuanza, mwulize mkuu wako wa kazi kanuni zinasemaje juu ya kazi ya nje. Na mapato yakianza kuingia, nenda katika ofisi ya mamlaka ya mapato uulize wajibu wako wa kodi. Ni afadhali kuuliza mapema kuliko kuulizwa baadaye.

Yako pia malango mengine yasiyo ya soko la kila siku. Mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoitwa Mabati-Cornell, na miongoni mwa washindi wake wa mwaka 2015 alikuwamo Bi Anna Samwel Manyanza wa Tanzania, kwa mswada wake uitwao Penzi la Damu. Mswada uliokaa sandukuni waweza kutoka. Na anayetaka kuandikia watoto aweza kuanza kwa kusoma hadithi za bure katika maktaba ya mtandaoni ya African Storybook, ambamo ziko hadithi za Kiswahili na za Kinyarwanda, ajifunze namna sentensi fupi inavyobeba jambo kubwa.

Neno la mwisho

Kazi yangu ya kwanza iliyo na jina langu ilikuwa ndogo. Nyumba moja ya wageni kando ya ziwa ilihitaji maelezo ya Kiswahili kwa ajili ya wageni wake: wapi pa kuogelea, saa za chakula, na habari fupi za mji. Nilifungua daftari langu, nikakuta humo habari za sambaza na safari yao kutoka Tanganyika, nikaitia. Mwenye nyumba alinilipa nusu kabla na nusu baada. Fedha ile, na nyingine kidogo, ilirudishwa katika ikimina kwa mafungu manne, na saruji ikanunuliwa, ingawa kwa kuchelewa. Ufa umezibwa. Ukitazama vizuri bado waona mstari, kwa kuwa rangi mpya haikulingana na ya zamani.

Siku chache baadaye mwanangu alilisoma lile karatasi la nyumba ya wageni, akafika chini palipoandikwa jina la mfasiri, akaniuliza kama ni mimi. Nilimjibu kwamba ni mimi. Ndugu msomaji, hiyo ndiyo kazi ninayokutakia: yenye malipo halali, isiyokutoza kiingilio, ambayo mtoto wako akikuuliza juu yake waweza kumjibu. Nunua daftari, na leo usiku uandike mistari mitatu.